Mpenzi Aliyekufa Akirudi: Filamu Yako Ishike Sayansi, Imani, au Iache Swali Wazi?

Hadithi ya mpenzi anayekufa kisha kurudi katika mwili mwingine huwavutia sana waandishi wanaoanza. Ina mapenzi, ina msiba, ina fumbo, na inakuruhusu kumtoa mtazamaji maabara na kumpeleka kilioni ndani ya dakika chache bila yeye kuona kwamba umebadilisha aina ya filamu. Wengi hukwama mahali pamoja: karibu na ukurasa wa 40, pale mhusika anapoanza kushuku kwamba aliye mbele yake ndiye yule waliyemzika. Hapo filamu inapaswa kujua ni kitu gani kinachohesabika kuwa ushahidi ndani yake. Mwandishi ambaye hakuamua mapema huleta kipimo cha maabara katika tukio hili, ndoto katika tukio lijalo, kisha mchungaji anayeombea, na mwisho hakuna hata kimoja kinachoaminika.

Maelezo haya ni ya wale wanaoandika na kupiga picha Lubumbashi, Kongo, kwa mfuko mdogo, wakiwa njia panda kati ya njia tatu: sayansi iwe mwamuzi, imani iwe mwamuzi, au swali libaki wazi. Tutazipima kwa maswali yaleyale. Ushahidi ni nini? Mapenzi yanadai nini kwa mhusika? Watazamaji wa hapa watapokeaje? Kamera na mfuko vinasemaje? Hadithi huharibikia wapi? Na njia hiyo inamfaa nani?

Ili tusiongee hewani, tuchukue hadithi moja. Mireille ni fundi wa maabara katika kliniki ya Kampemba. Mchumba wake, Héritier Ilunga, anaendesha lori la madini kwenye barabara ya Kasumbalesa, na anafia barabarani mahari ikiwa imetolewa nusu. Miaka mitano na zaidi inapita. Huko Ruashi kuna mtoto wa miaka minne, Dieumerci, anayesema aliwahi kuendesha lori.

Kwanza piga hesabu ya umri

Hili linahusu njia zote tatu, na ndilo linaloua maandishi mengi kabla hayajafika popote. Anayezaliwa upya huzaliwa mtoto. Ian Stevenson, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Virginia, alianza miaka ya 1960 kukusanya kesi za watoto wanaodai kukumbuka maisha mengine. Yeye na wenzake walifikisha zaidi ya 2,000. Katika kesi hizo, nafasi kati ya kifo na kuzaliwa ilikuwa fupi, kwa kawaida miezi 16 hivi. Basi kama Mireille alifiwa akiwa na miaka 26, siku huyo aliyerudi anapotimiza miaka 20 yeye ana 47.

Kuna milango mitatu ya kutokea. Wa kwanza ni ule wa sinema ya Kihindi: wapenzi wote wawili wanakufa, wote wawili wanazaliwa upya, na waigizaji walewale wanacheza mara mbili. Ni mzuri, ila unadai zama mbili. Ukirudi nyuma ya 1997 nchi inaitwa Zaïre, noti zina sura ya Mobutu, na magari yote ya barabarani lazima yabadilike. Mlango wa pili ni kuacha mapenzi yabaki kwa marehemu: mtoto anakuwa shahidi, na safari ya mwanamke ni kujifunza kumpenda mtoto huyu kama mtoto na kumwachia marehemu aende. Wa tatu ni roho kumwingia mtu mzima ambaye tayari yuko hai. Huo si kuzaliwa upya. Ni kupandwa, na watu wa hapa wana namna nyingine kabisa ya kulishughulikia jambo hilo. Ukiuchagua, jua umebadilisha hadithi.

Mstari mmoja hauvukwi: mtoto anayekumbuka hawekwi kamwe mahali pa mpenzi, si kwa mtazamo wa jicho, si kwa mzaha, si kwa muziki wa nyuma. Mapenzi ya filamu ni ya watu wazima. Kwa hadithi yetu tunachukua mlango wa pili.

Njia ya kwanza: sayansi iwe mwamuzi

Ushahidi. Kitu kinachofaa zaidi kwenye skrini ni airisi, lile duara la rangi linalozunguka mboni ya jicho. Michirizi yake huundwa mtoto akiwa bado tumboni, na haifuati jeni peke yake: mapacha wa kufanana wana airisi tofauti, na jicho lako la kushoto si sawa na la kulia. John Daugman wa Cambridge alitengeneza miaka ya 1990 hesabu inayogeuza airisi kuwa msimbo wa biti 2,048, yaani tarakimu za 0 au 1. Macho mawili ya watu tofauti hutofautiana karibu katika nusu ya biti hizo. Picha mbili za jicho lilelile hutofautiana kidogo tu. Mwaka 2002 hesabu hiyo ilitumika kumtambua mwanamke wa Afghanistan aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 akiwa msichana katika kambi ya wakimbizi Pakistan. Baada ya miaka 18 macho yalikuwa yaleyale.

Hapo ndipo palipo na nguvu ya filamu ya namna hii. Sayansi inasema jicho hubaki lilelile katika mwili mmoja, na halijirudii katika mwili mwingine hata kwa pacha. Mhusika akilikuta limejirudia, amekutana na jambo ambalo elimu yake haina mahali pa kuliweka. Lakini usiishie kwenye kompyuta inayolia "imefanana". Kufanana kuna mpaka, na mpaka huo ndio tamthilia yenyewe. Kwa jedwali la Daugman, ukikubali tofauti ya asilimia 32 ya biti, uwezekano wa macho mawili ya watu tofauti kufanana kwa bahati ni kama 1 kwa milioni 26. Ukilegeza hadi asilimia 35, unakuwa 1 kwa 133,000. Hatua tatu tu! Sasa tafuta jicho la Héritier katika mji wa watu milioni 2 kwa mpaka huo uliolegezwa: utapata watu kama 15 wanaofanana naye bila muujiza wowote. Mwanamke mwenye majonzi atashawishika kusogeza mpaka. Mpe mkono juu ya kibonyezo, na mtazamaji aone namba ikipanda kutoka 32 hadi 35. Tukio hilo halihitaji hata neno moja.

Kama airisi ni ghali kwako, tumia alama za vidole. Wakubwa wengi wa hapa wamewahi kuweka vidole kwenye mashine ya CENI, tume ya uchaguzi, kupata kadi ya mpiga kura, kwa hiyo hakuna cha kueleza. Nazo pia huundwa tumboni, na mapacha hutofautiana.

Usitumie DNA. Mtoto wa Ruashi ana DNA ya baba na mama yake, na hata wanaoamini kurudi wanasema mwili ni mpya. Kipimo hicho hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha chochote, na mwanafunzi yeyote wa tiba aliyeketi ukumbini atakushusha hapohapo.

Mapenzi. Mireille kama mpenzi anataka jibu liwe ndiyo, na kama mtu wa maabara anajua kwamba anayetaka jibu hastahili kupima. Njia hii inamlazimisha kukabidhi mambo yake ya moyoni kwa mtu asiyemjua Héritier. Tukio la vitu mezani linalionyesha hilo vizuri, nalo linafaa kuandikwa kwa makini.

Mezani kuna saa nne za mkono, moja ni ya marehemu. Mtoto achague. Kisha funguo nne, kofia nne, kalamu nne, picha nne za malori. Raundi tano, kila moja ikiwa na nafasi 1 kati ya 4. Kupata zote tano kwa kubahatisha ni 1 kwa 1,024, hilo ni jambo kubwa. Kupata tatu kati ya tano hutokea kama mara 1 katika 10, hilo si kitu. Waandishi wengi wanampa mtoto tatu kati ya tano na mama anaangua kilio cha furaha. Mwanasayansi wa kweli angepandisha mabega. Lakini jambo kubwa zaidi ni nani ameketi mbele ya mtoto. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichunguza farasi wa Berlin aliyeitwa Hans, aliyesemekana kujua hesabu, akagundua kwamba farasi alikuwa akisoma miili ya waulizaji: kichwa kikisogea kidogo tu bila mwenyewe kujua, farasi aliacha kupiga kwato. Mireille akiwa chumbani, mtoto atasoma uso wake. Hivyo mwenzake wa maabara anamwambia kwa upole, "Yaya Mireille, toka kidogo." Anatoka. Kamera ibaki naye nje, kwenye ukuta wa korido, akisikia vitu vikigongwa mezani bila kuona. Usimpeleke mtazamaji ndani.

Watazamaji. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa, wauguzi, mafundi wa mitambo watafurahi kuona kazi yao ikiheshimiwa. Wengine watachoka ukieleza kwa zaidi ya nusu dakika mfululizo. Maelezo yaambatane na kazi ya mikono: anazungusha lenzi, anaongea, anasimama, anaendelea.

Kamera na mfuko. Hapa kuna kikwazo ambacho vitabu vya nje havikisemi. Macho mengi ya huku ni ya kahawia nzito, na katika mwanga wa kawaida melanini, ile rangi ya asili ya jicho, huficha michirizi. Jicho linaonekana kama duara tupu. Ndiyo maana mashine za kupima airisi hutumia mwanga ulio karibu na infraredi, kati ya nanomita 700 na 900. Kamera ya ulinzi ya usiku yenye taa za nanomita 850 itakupa picha hiyo kwa bei ndogo kuliko lenzi moja ya sinema. Lenzi yake ya kawaida ni pana mno. Weka ya milimita 16 au 25, kisha zungusha polepole hadi nyuzi za airisi zitoke. Airisi ina upana wa milimita 12 tu, kwa hiyo mwigizaji aegemeze kidevu kwenye kitu kigumu. Taa ya pembeni ni bora kuliko ya mbele, la sivyo nukta yake itakaa katikati ya jicho. Mwanga huo hauonekani, mboni haijikunji wala jicho halipepesi kujilinda. Kwa hiyo taa ziwe chache, zikae nusu mita au zaidi, na kila mpigo uwe mfupi. Faida moja: mboni inabaki pana na nyeusi, na sura inatisha na kuvutia kwa pamoja.

Panapoharibika. Sentensi inayorudi katika maandishi mengi ni "nishati haipotei, basi na roho haipotei." Ubongo hutumia kama wati 20, na nishati hiyo yote hutoka mwilini kama joto. Haipotei, ni kweli, lakini joto halikumbuki jina la mtu. Kumbukumbu ni mpangilio wa miunganisho kati ya seli, na mpangilio huharibika. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alikatwa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili kutibu kifafa, na kuanzia hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Hoja nzito ya mwanasayansi dhidi ya kurudi ni hiyo: kama kipande kidogo kikiondoka kumbukumbu inakwama, itavukaje kaburi? Mpe mhusika wako aiseme kwa sauti. Filamu isiyosikia hoja hiyo imewaonea wanasayansi wake.

Inamfaa mwandishi mwenye rafiki wa maabara atakayesoma rasimu, na anayependa hadithi ya uchunguzi kuliko ya machozi.

Njia ya pili: imani iwe mwamuzi

Ushahidi. Swali la kwanza ni imani ipi, maana hazifanani. Kwa Wahindu nafsi inahama, na matendo yake, yaani karma, yanaifuata. Wabuddha wanakataa kuwapo kwa nafsi ya kudumu, lakini wanakubali mwendelezo. Wadruze wa Lebanoni wanasema kurudi ni papo hapo. Watibeti wana utaratibu wa kumtafuta aliyerudi: baada ya Dalai Lama wa 13 kufa mwaka 1933, wajumbe walimfikia mtoto wa miaka miwili katika kijiji cha Taktser mwaka 1937, wakamwekea vitu vya marehemu pamoja na vingine vya kufanana, akachagua vya marehemu. Alitawazwa mwaka 1940. Mwanasayansi wa njia ya kwanza angesema wajumbe walijua jibu. Mwamini atajibu kwamba wajumbe hawakwenda kumpima mtoto, walikwenda kumpokea. Katika njia hii jibu la pili ndilo linalotawala, na filamu ilitendee haki.

Hapa Katanga hatuhitaji kuazima India. Kwa Waluba, na kwa jirani wengi, mzee aliyekufa anaweza kurudi kwa jina: anaonekana katika ndoto ya mjamzito, au alama ya mwili inamtambulisha, na mtoto anabeba jina lake. Padri Placide Tempels, aliyeishi na Waluba na kuchapisha kazi yake mjini hapa mwaka 1945, mji ukiitwa Élisabethville, alishangaa kuona kwamba marehemu mmoja anaweza kuwa na wanaojina wengi kwa wakati mmoja. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Afrika kurudi ni kwa sehemu tu: baadhi ya tabia na sura za marehemu hurudi, na yeye mwenyewe anabaki huko aliko, akiheshimiwa na kuombwa.

Tofauti hiyo inabadilisha hadithi nzima, nasi tunaona ndiyo hazina ambayo waandishi wa hapa wanaipita wakikimbilia mtindo wa Kihindi. Kama anayerudi ni mtu mzima-mzima, kuna Héritier mmoja na Mireille anamtafuta. Kama kinachorudi ni sehemu, wanaweza kuwapo kina Ilunga wawili: mmoja Ruashi anayeongea habari za lori, mwingine Kamalondo mwenye kovu la kuzaliwa mahali alipoumia marehemu. Wote ni kweli. Hakuna wa kuchagua.

Mapenzi. Na wote si wake. Aliyerudi kwa jina amerudi ukoo. Haki ya kutoa jina iko kwa familia, na Mireille ni mchumba ambaye mahari yake haikukamilika. Katika kilio aliketi nyuma, na katika kumpa mtoto jina hakuitwa. Bibi mzee wa familia ya marehemu anaweza kumwambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, huyu hakurudi kwako. Amerudi kwetu." Mstari kama huo unaweza kubeba dakika 20 za mwisho. Njia ya imani ikiandikwa hivi, swali la "ni kweli au si kweli" linaondoka, na linalobaki ni gumu zaidi: marehemu ni wa nani?

Watazamaji. Wengi wanasali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1013, inasema wazi kwamba baada ya kifo hakuna kuzaliwa upya, na Waebrania 9:27 inasema mtu hufa mara moja. Makanisa ya uamsho ni makali zaidi. Wengine wataona mzimu, na mzimu watauita pepo. Usiwakwepe. Weka ndani ya familia ya marehemu mtu mmoja anayekataa kwa imani yake ya Kikristo, mwenye akili na upendo, anayebatiza mtoto jina lilelile kwa sababu nyingine. Kila nyumba hapa ina mtu huyo.

Kamera na mfuko. Ni rahisi zaidi: lupango (ua wa nyumba), sahani ya bukari (ugali), viti vya plastiki vya kilio, kaburi. Gharama iko kwenye ruhusa na sauti. Usiingie na kamera kwenye kilio cha watu. Tengeneza chako, na mweleze mkuu wa avenyu mapema, la sivyo jirani watakuja kulia kweli. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua juu ya mabati itameza mazungumzo yote ya ndani, hivyo maongezi marefu yapigwe katika kiangazi au usiku mkavu. Jenereta ikae nyuma ya nyumba ya pili, mbali na maikrofoni.

Panapoharibika. Kubuni tambiko. Mwandishi asiyejua desturi huweka mishumaa, moshi na mzee anayenong'ona, na wenye desturi wanacheka. Kaa na wazee wa kabila unaloliandika, uliza mambo matatu: nani anatoa jina, lini, na nini hufanyika kama mtoto akikataa jina kwa kulia au kuugua. Majibu yao yatakupa matukio bora kuliko ya kubuni. Kosa jingine ni kuchanganya karma na mizimu. Karma inalipa matendo ya mtu, jina la ukoo halilipi deni la mtu.

Inamfaa mwenye wazee wa kuongea nao na waigizaji wazuri wa rika kubwa.

Njia ya tatu: swali libaki wazi

Ushahidi. Kila dalili iwe na maelezo mawili yanayotosha, wala si moja la kweli na jingine la kujificha. Chora karatasi yenye safu tatu: dalili, maelezo ya kawaida, maelezo ya imani. Dieumerci anajua jina la mbwa wa Héritier: alilisikia kwa binamu anayeuza mkaa Ruashi; au analikumbuka. Ana alama kwenye paji la uso: alama za kuzaliwa ni jambo la kawaida, au ni ile ya ajali. Anaacha kuongea habari za lori akifika miaka saba: katika kesi za Stevenson watoto wengi husahau katika umri wa karibu na huo, na mtoto yeyote husahau michezo yake. Safu moja ikibaki tupu, swali si wazi tena.

Wakosoaji wa Stevenson walishika jambo moja ambalo ni dhahabu kwa mwandishi wa njia hii: mara nyingi familia mbili zilikuwa zimeshakutana kabla ya mtu yeyote kuandika maneno ya mtoto. Baada ya hapo hakuna anayeweza kutenganisha alichosema mtoto na walichosema wakubwa. Basi panga matukio hivyo. Familia zikutane kwa bahati sokoni, wakumbatiane, waongee wote kwa pamoja, na daftari la Mireille lifunguliwe dakika tano baadaye. Hakuna aliyedanganya, na hakuna atakayejua tena.

Mapenzi. Mireille anachagua kuishi bila jibu. Uamuzi wake uonekane kwa tendo: analipa ada ya shule ya mtoto, au anarudisha pete kwa mama mkwe. Kumwacha akitazama mbali huku muziki ukipanda ni kukwepa kazi.

Watazamaji. Wataongea sana baada ya filamu, na wengine watakasirika. Hilo linavumilika kama dalili zimekaa sawasawa.

Kamera. Ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na inafaa filamu fupi ya dakika 12 hadi 20 yenye dalili tatu, si zaidi.

Panapoharibika. Uwazi unapotokana na mwandishi kutojua, unaonekana. Mwongozaji na mwigizaji mkuu wakubaliane kwa siri wanaamini nini, wamwigize mtu anayeamini hivyo, kisha uhariri ndio uweke mizani. Na dalili ya mwisho isiwe nzito kuliko zote zilizotangulia. Wengi hupiga picha ya jicho linalong'aa katika sekunde ya mwisho na kuamua kesi waliyoahidi kuiacha.

Inamfaa mwenye mhariri mvumilivu.

Kulingana na hali yako

Kama una mwezi mmoja, simu mbili na waigizaji wanne, piga njia ya tatu kwa ufupi, au njia ya pili ndani ya lupango moja. Njia ya kwanza inaharibika ikifanywa haraka, kwa sababu kosa dogo la maabara linawaondolea watazamaji imani yote.

Kama unatafuta tamasha za nje, njia ya pili katika sura yake ya hapa, ile ya jina na ukoo, ina kitu ambacho wengine hawana. Jicho na kompyuta wameshaliona. Bibi anayemgawa marehemu wake kwa watoto wawili ni jambo jipya kwao.

Kama unapigia kundi la vijana wa kanisa, usiwafiche mada. Njia ya kwanza inakubalika kwao kuliko unavyodhani, hasa ikiwa mwisho kipimo kinakataa na mwanamke anabaki na huzuni yake halali. Njia ya pili wape tu kama mchungaji amesoma maandishi kabla.

Kama umefiwa wewe mwenyewe hivi karibuni na hadithi inatoka hapo, anza na njia ya tatu katika rasimu ya kwanza. Ya kwanza itakufanya uwe mkali mno, ya pili itakufanya umrudishe mapema mno. Baada ya miezi michache, rudi uamue.

Kama una hela za zama mbili, waigizaji wawili wanaobadilika vizuri na mavazi ya miaka ya 1990, chukua mlango wa Kihindi ndani ya njia ya pili, na nyimbo uziweke bila haya.

Na kama tayari una kurasa 60 na filamu inavutana, usiitupe. Pitia kila tukio linalodai kuthibitisha kitu, andika pembeni S kwa sayansi, I kwa imani, W kwa wazi. Herufi zikifuatana sawasawa, tatizo lako liko kwenye mapenzi: mhusika hataki kitu kwa nguvu ya kutosha. Zikibadilika, tafuta ile ya kwanza isiyolingana na zilizotangulia. Mara nyingi iko kati ya ukurasa wa 35 na wa 50. Anza kurekebisha hapo, kabla ya kugusa mwisho.